Juu ya Mapambo ya Noeli na Karamu za Kazini

Katika barua zilizotufikia imo moja ya mwalimu wa dini ambaye siku za juma hufanya kazi ya ukarani mjini Moshi. Atuuliza mambo mawili, naye ayaweka pamoja kana kwamba ni jambo moja. La kwanza: je, mtu apungukiwaye na fedha afanya vibaya akiacha kupamba nyumba yake wakati wa Noeli, hali watoto wake waona nyumba za jirani zikimeremeta kwa taa? La pili: je, Mkristo aende katika karamu ya kufunga mwaka ifanywayo na watu wa ofisi yake, mahali penye pombe na maneno ya ovyo na ngoma hata usiku, na akienda, akae namna gani? Tulipoisoma mara ya kwanza tulidhani kwamba maswali haya hayana undugu. Tukaisoma tena, tukaona kuwa huyu ndugu amewaza vema kuliko sisi. Mapambo na karamu ni vitu tufanyavyo mbele ya macho ya watu, na kwa vyote viwili yatupasa kuuliza: furaha hii yafanywa kwa ajili ya nani, na ni nani ailipaye?

Hatupendi kuanza kwa kukemea. Wako watu wema, nao ni wengi, wasemao kwamba mapambo yote ni upuuzi, na kwamba yafaa Mkristo aiadhimishe Noeli kwa ibada tu. Sisi hatukubaliani nao. Mtu akipata habari kwamba mgeni ampendaye yuaja, hata awe maskini namna gani, hufagia ua wake, hunyunyiza maji kulaza vumbi, huazima kiti kwa jirani. Mgeni afikapo, kabla hajakaribishwa kwa kinywa, ua wenyewe umekwisha kumwambia: Ulikuwa ukingojewa. Maana ya mapambo ni hiyo, wala hatuoni nyingine. Basi pambo jema ni lile lisemalo neno hilo, na pambo baya ni lile lisemalo neno jingine, kama vile: Tazameni mali yangu. Bei yake haimo katika hesabu hii.

Tena wengi hudhani ya kuwa mapambo ya Noeli yalizaliwa katika majumba ya matajiri wa Ulaya, nasi huku twayafuata kwa mbali, kila mtu kwa kadiri ya mfuko wake, na kwa hiyo aliye maskini hana budi kuona haya. Sivyo ilivyokuwa. Alikuwako Johann Hinrich Wichern, mtu wa Hamburg, ambaye mwaka 1833 alianzisha nyumba ya kuwalea watoto maskini na walioachwa, iliyoitwa Rauhes Haus. Watoto wale, kama watoto wote, siku za Majilio walizoea kumwuliza: Noeli bado siku ngapi? Mwaka 1839 Wichern akatwaa gurudumu kuukuu la gari, akasimamisha juu yake mishumaa 24, midogo 20 kwa siku za juma, na mikubwa 4 kwa Jumapili. Kila siku ukawashwa mmoja zaidi, hata gurudumu lote likawaka. Shada lenye mishumaa minne tulionalo leo katika makanisa mengi ya Kilutheri ni mjukuu wa gurudumu lile. Tuliangalie jambo hili vizuri. Mtu huyu alitaka kulijibu swali la mtoto, naye akalijibu kwa kitu kilichokuwa hakina kazi tena. Hakukopa. Na watoto wakajifunza hesabu juu ya hayo, jambo ambalo sisi tuliopata kuwa walimu hatuwezi kuliacha bila kulisifu.

Nyota za karatasi za ndugu zetu Wamoravian zilianza vivyo hivyo. Zilitengenezwa mwanzoni mwa karne ya 19 na wanafunzi wa shule ya Niesky, huko Ujerumani, katika somo la vipimo na pembe. Na mti wenyewe wa Noeli, katika habari za kale za mji wa Strasbourg za mwaka 1605, wasemwa kuwa ulitundikwa maua ya waridi ya karatasi na matofaa. Karatasi, matunda, gurudumu bovu: twaona ya kuwa mwanzo wa mambo haya haukuhitaji duka.

Sasa tuje kwetu. Mwezi wa Desemba mkrismasi, mti ule wenye maua mekundu uliopewa jina la sikukuu yenyewe, huchanua bila kumdai mtu senti. Katika vihamba vya mlimani migomba ipo, na desturi ya kuisimamisha miwili mlangoni siku ya furaha ni ya zamani. Pwani hufanya vivyo hivyo kwa makuti mabichi ya mnazi. Tawi la msonobari kutoka shamba la mtu aliyekupa ruhusa latosha chumba kizima kwa harufu yake. Twasema aliyekupa ruhusa, kwa sababu wako wanaopanda msituni usiku na kurudi na mti begani. Msitu wa Kilimanjaro umetiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005. Akataye humo ameivunja sheria ya nchi, na amri ya saba pia, nasi hatuoni jinsi mti ulioibwa uwezavyo kumkaribisha Bwana. Kuhusu mishumaa tuna neno moja fupi: isikae karibu na majani makavu wala mapazia. Na zile taa za umeme za bei ndogo, zenye nyaya nyembamba kama uzi, zizimwe watu waendapo kulala.

Ubaya hauanzii penye mti, waanzia penye mkopo. Desemba hufuatwa na Januari, na Januari shule hufunguliwa. Mtoto ataka sare, ataka madaftari, ataka viatu. Baba aliyekopa ili ukuta wake umeremete majuma mawili, halafu akamwambia mtoto avumilie viatu vyenye matundu mpaka mavuno, amewapambia wapita njia, na mtoto wake ndiye aliyelipa. Tumewaona watu wa namna hii, nao si watu wabaya. Wengi wao waliogopa jambo moja tu, kwamba ndugu warudio kutoka Dar es Salaam kwa sikukuu watawaona wameshindwa na maisha. Hofu hii twaijua, maana imetukamata sisi wenyewe. Lakini ndugu yule naye, mara nyingi, amekopa nauli na zawadi ili sisi tusimwone ameshindwa. Hivyo watu wawili waliopendana tangu utoto wakaa siku ya Noeli katika chumba kimoja, kila mmoja akimdanganya mwenziwe kwa vitu vya deni.

Tajiri je, akatazwe kupamba sana? Hatumkatazi. Ila twamwomba atazame nyumba iliyo mkabala na yake, kisha aamue mwenyewe. Kama mti wake mkubwa ni wa kuwaita watoto wa mtaa waje kuimba chini yake, na uwe mkubwa. Kama lango limefungwa na mbwa wamefunguliwa, taa zile zawaambia watu wakae mbali.

Tuingie sasa katika ofisi, kwa maana huko maswali mawili ya ndugu yetu ndiko yakutanapo. Miaka kadhaa iliyopita sisi tulifanya kazi katika ofisi moja, ambayo hatuitaji. Mwisho wa Novemba ikabandikwa ukutani karatasi yenye majina yetu sote, kuanzia mkuu mpaka mlinzi, na mbele ya kila jina shilingi 30,000 kwa ajili ya chakula, muziki na mapambo. Aliyelipa aliwekewa alama. Katikati ya Desemba majina yote yalikuwa na alama ila mawili, na moja lilikuwa la mama aliyefagia ofisi na kutupikia chai. Hakuna aliyemwambia neno. Haikuhitajiwa, karatasi ilisema kila alipopita na ndoo yake. Siku tatu kabla ya karamu akalipa. Baadaye tukajua ya kuwa alikopa, na kwa riba.

Karamu yenyewe ilipendeza. Ukumbi ulifunikwa kwa karatasi za dhahabu na taa. Walakini palitokea mambo mawili. Mama huyu alipomaliza kula alifunga vipande viwili vya nyama katika mfuko ili awapelekee watoto, na karani mmoja kijana, mcheshi, kichwa kikiwa kimekwisha kupata moto, akashika kipaza sauti akauliza kama mfuko ule nao umechangia. Watu wakacheka. Nasi tulicheka, twaandika hili kwa kuwa ni kweli. La pili, saa nne usiku watu walipoanza kuondoka, tulimkuta mama yule jikoni na nguo yake ya sikukuu akiosha bilauri. Hakuna aliyemwagiza. Ila hakuna aliyekuwa amewaza ni nani atakayeosha, basi kazi ikaenda kwa mtu wake wa kila siku. Alilipa sawasawa na mkuu wa ofisi, na akaosha pia.

Hapa ndipo neno lilipo. Tulisema kwamba mchango ulio sawa ni wa haki, na tuliupendelea kwa sababu ulikuwa rahisi kuhesabu. Mtume Paulo, alipowahimiza Wakorintho wachange kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, aliwataka watoe kila mtu kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa kulazimishwa. Karatasi iliyobandikwa ukutani ni kulazimishwa, hata kama haina polisi. Lakini tusikimbilie jibu jepesi. Baada ya mambo hayo tulimwambia mlinzi, mzee wa makamo, ya kuwa mwaka mwingine yeye na wenziwe wa mshahara mdogo wasamehewe mchango. Akakataa kwa uchungu. Alisema: "Ndugu zangu, mkinisamehe mbele ya watu, nitaketi karamuni kama mwombaji. Niacheni nilete changu, ila msikihesabu." Neno hilo latushinda kwa hekima. Maskini aweza kuaibishwa kwa kudaiwa, naye aweza kuaibishwa kwa kusamehewa.

Tukumbuke arusi ya Kana. Wengi huitaja ili kuthibitisha kwamba divai si haramu, wakaishia hapo. Sisi twaona jambo jingine ndani yake. Mwenyeji alikuwa ameishiwa, na aibu ilikuwa imesimama mlangoni. Bwana akaisaidia nyumba ile, wala hakuitangaza hali yake. Mkuu wa meza hakujua divai ilikotoka; watumishi walioteka maji ndio waliojua. Kwa hiyo tukiulizwa kama Mkristo aweza kwenda katika karamu ya wenzake wa kazi, twajibu kwamba aweza, na mara nyingi yampasa. Asiyeenda kamwe huwaambia wenziwe ya kuwa yu safi kuliko wao. Bali aende akiwa na macho ya Kana, akitazama ni nani aliyeishiwa, amsitiri pasipo watu kujua.

Juu ya pombe hatutarudia yale yasemwayo kila mwaka. Wazee wetu wa mlimani walipokunywa mbege hawakukaa ovyo. Mwenyeji alionja kwanza mbele ya wageni, ndipo kata ikapita kwa kufuata umri na heshima, na kijana aliyezidisha alikuwa na mjomba wake pale pale wa kumwinua na kumpeleka nyumbani. Hatusemi kwamba hawakulewa, walilewa. Lakini walikunywa mbele ya watu waliowajibika kwao. Karamu ya ofisi ina vinywaji visivyolipiwa na mnywaji, tena haina mjomba. Hivyo hakuna budi kila mtu awe mjomba wa nafsi yake, na ikiwezekana wa mwenziwe pia. Martin Luther katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo afundisha kwamba yeye aliye huru hujifunga mwenyewe kwa ajili ya jirani. Asiyekunywa aseme, Ahsante, nitakunywa chai, basi; asiongeze mahubiri. Anywaye asimsukumie mwingine chupa. Na anayeendesha gari asinywe kabisa, kwa kuwa barabara za mlima wetu zina kona nyingi, na watoto hutembea pembeni usiku wa sikukuu.

Liko jambo moja ambalo si la adabu tu, nasi twalisema wazi. Mkuu atumiaye furaha ya usiku ule kumshika msichana wa kazi, au kumwambia maneno ambayo mchana asingethubutu, ametenda kosa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 juu ya makosa ya kujamiiana imeutia unyanyasaji wa namna hiyo katika makosa ya jinai. Asijitetee kwa kusema kwamba ilikuwa sikukuu, wala sisi tulioona tusimtetee kwa kunyamaza. Msichana hawezi kuondoka kwa urahisi mbele ya mtu atiaye sahihi karatasi ya mshahara wake. Aliye karibu aende asimame kati yao, hata kwa kisingizio cha kuuliza saa.

Mengine ni madogo, ingawa huumiza. Usitafute kiti cha karibu na mkuu. Mfano wa Bwana juu ya wageni waliochagua viti vya mbele kila mmoja wetu ameusikia, na kila Desemba twausahau. Usizungumze na wakubwa usiku mzima ukiwapa mgongo madereva na matarishi. Mwenzako akilewa na kuanguka, simu yako ya mkononi ikae mfukoni, kwa maana picha ile itafika kijijini kwake kabla yake. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, katika maelezo ya amri ya nane, yatutaka tumtetee jirani na kuyafasiri mambo yake kwa wema, nasi twawafundisha watoto maneno hayo mpaka wayajue kwa moyo. Na afungaye chakula kwa ajili ya watoto wake, mwongezee kipande.

Basi tumalize habari ya karani yule mcheshi. Pombe ilipomtoka alisikia haya, lakini likizo ilikuwa imeanza. Siku ya kwanza ya kazi mwezi wa Januari alifika mapema, akiwa ameshika jani la isale. Kwa wasomaji wasio wa mlimani twaeleza kwamba isale ni mmea upandwao mipakani mwa kihamba na penye makaburi ya wazee, na Mchagga akitaka kuomba radhi kwa kosa kubwa hupeleka jani lake kwa aliyemkosea. Kulikataa si jambo jepesi. Wako wapambao milango yao kwa masale wakati wa Noeli, nasi twalipenda pambo hilo kuliko yote, kwa kuwa halina bei na maana yake yajulikana. Kijana alimpa mama lile jani kwa mikono miwili, mbele yetu. Mama akalipokea, akaliweka juu ya meza ya chai. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida: "Hili nimelipokea, mwanangu. Na ile karatasi ya ukutani, jani lake ataniletea nani?"

Hakuna aliyejibu. Mwezi ule ule mkuu wa ofisi alimlipia deni lile lililobaki, akiwa peke yake naye, wala hatukujua mpaka mama mwenyewe aliposimulia baada ya muda mrefu.

Mwaka uliofuata karatasi haikubandikwa. Kiliwekwa kisanduku chenye tundu juu, kila mtu akatia kwa siri, na kilipofunguliwa fedha zilikuwa pungufu kuliko za mwaka uliotangulia. Wengine walinung'unika, hasa juu ya muziki. Tulikula pilau yenye nyama kidogo katika chumba chetu cha kazi wenyewe, meza zikiwa zimesogezwa ukutani. Mlinzi alileta gurudumu la baiskeli lisilo na mpira, tukalizungushia masale na maua mekundu, tukalitundika darini. Mishumaa tuliogopa kuiweka. Na ilikuwa imepatanwa mapema kwamba kila mtu ataosha sahani na bilauri yake kabla ya kwenda nyumbani. Mkuu wa ofisi alivunja mbili.